Madirisha Matatu, Mhudumu Mmoja

Tuchukue duka lolote la steshenari lililo jirani na chuo, saa nne asubuhi, msimu wa maombi ya kazi. Dada wa kompyuta amefungua madirisha matatu ya programu ya ofisi. Moja lina barua ya kijana aliyesimama mbele ya kaunta. La pili lina wasifu wa mwenzake aliyekaa kwenye benchi. La tatu ni jedwali la mistari elfu themanini, ambalo mhasibu wa SACCOS ameliacha kwenye flashi akisema atalipitia mchana. Dada anaagiza jedwali lipangwe upya kwa tarehe, kisha, bila kupoteza muda, anarudi kwenye barua arekebishe cheo cha mpokeaji. Anachapa. Herufi hazitokei. Anabofya wasifu; nao haujibu. Baada ya sekunde chache madirisha yote matatu yamepauka.

"Dada, vipi tena?"

"Imeganda kidogo, kaka. Subiri."

"Mashine zenu nzito hizi!"

Kijana anaisingizia mashine. Kichakataji chake kina viini vinne, na katika dakika hiyo nzima vitatu vimekaa bila kazi ya maana. Kumbukumbu ipo, diski imetulia. Barua ya ukurasa mmoja haijaguswa na mtu. Imenyamaza kwa sababu aliyekuwa akiihudumia ndiye yuleyule aliyetumwa kupanga jedwali, na hakuna aliyebaki mlangoni.

Kila programu yenye madirisha imejengwa juu ya foleni. Kipanya kikibofywa, kibodi ikiguswa, au dirisha lililofunikwa likifunuliwa, mfumo endeshi huandika ujumbe mfupi na kuupanga kwenye foleni hiyo. Upande wa pili umesimama uzi. Uzi, kwa lugha ya waandishi wa programu, ni mfuatano mmoja wa maagizo ambao kichakataji huufuata hatua kwa hatua. Programu moja inaweza kuwa na uzi mmoja au mamia. Huu wa mlangoni kazi yake ni kuzunguka: unachukua ujumbe, unautekeleza, unarudi kuchukua mwingine. Ndio unaochora herufi, ndio unaobonyeza kitufe kikaonekana kimebonyea, ndio unaofunga dirisha. Ukipewa kazi ya sekunde arobaini, kwa sekunde arobaini hakuna kitakachochorwa.

Windows ina subira ya sekunde tano. Uzi wenye dirisha usipokuja kuulizia ujumbe kwa muda huo, mfumo huuhesabu kuwa umegoma. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, hatua inayofuata ni ya ajabu kidogo: mfumo hulificha dirisha halisi na kuweka mahali pake mzimu, yaani dirisha jingine lenye sura ileile ya mwisho, linalomilikiwa na mfumo wenyewe. Ndiyo maana dada anaweza kuliburuta dirisha "lililokufa" huku na huku, hata kulishusha chini. Anachoburuta ni picha.

Sekunde tano, hata hivyo, ni subira ya mashine. Ya binadamu ni fupi zaidi. Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu urahisi wa kutumia programu, aliweka mipaka mitatu ambayo wabunifu wanaitaja mpaka leo, akijenga juu ya kazi ya Robert Miller ya 1968. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ametenda mwenyewe. Likifika sekunde moja, anatambua kwamba amesubiri, ila wazo lake halijakatika. Likipita sekunde kumi, anatoa simu mfukoni.

Wakubwa wa biashara ya kompyuta waliyajua haya mapema, na bado waliteleza. Mfano mzuri ni OS/2, mfumo ambao IBM na Microsoft waliuanzisha pamoja. Ulikuwa na nyuzi tangu toleo la kwanza, mwaka 1987, wakati ambapo kompyuta nyingi za mezani hazikuwa na kitu cha namna hiyo. Mwaka uliofuata ukapata madirisha. Lakini maingizo ya kibodi na kipanya kwa programu zote yalipitia foleni moja tu. Sababu yake ilikuwa na mantiki. Mtu anayechapa haraka anaweza kubonyeza kitufe kinachofungua dirisha jipya, kisha akaanza kuandika kabla halijatokea; herufi hizo zinapaswa kwenda kwenye dirisha jipya. Kwa hiyo mfumo haukuamua herufi inayofuata ni ya nani mpaka ile ya kabla yake iwe imeshughulikiwa. Adabu nzuri, isipokuwa programu moja ikisinzia, ofisi nzima inasimama. Waandishi wa programu walipewa kanuni: kila ujumbe umalizwe ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kazi ndefu ipelekwe kwenye uzi mwingine. Wengi hawakuifuata, na lawama zikaiangukia OS/2. IBM ilikuja kuweka kiraka katikati ya miaka ya tisini, soko likiwa limeshahama.

Windows 95 ilizipa programu mpya za biti 32 foleni zao. Chini ya zulia, hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya kuchora na kusimamia madirisha ilibaki kwenye msimbo wa zamani wa biti 16, ambao haukuwahi kutazamia kuingiwa na nyuzi mbili kwa mpigo. Ukafungiwa kwa kufuli moja lililoitwa Win16Mutex. Programu ya zamani ikiendeshwa, inalishika kufuli. Ikigoma nalo mkononi, hata programu mpya yenye nyuzi kumi na foleni yake binafsi haiwezi kuchora mstari mmoja. Kufuli la aina hii litarudi tena katika sura hii.

Mwaka huohuo wa 1995 kampuni ndogo ya California ilikuja na jibu la kishujaa. Jean-Louis Gassée, Mfaransa aliyekuwa bosi Apple, alikuwa ameanzisha Be mwaka 1990. Oktoba 1995 walionyesha mashine iliyoitwa BeBox, yenye vichakataji viwili vya PowerPC vya megahezi 66, na mbele yake safu mbili za taa ndogo zilizopanda na kushuka kuonyesha kila kichakataji kinabeba mzigo kiasi gani. Ndani yake kulikuwa na BeOS, na katika BeOS suala la nani ahudumie dirisha lilifutwa kabisa: kila dirisha lilikuja na uzi wake. Mwandishi wa programu hakuombwa ridhaa. Akifungua madirisha saba, ana nyuzi saba, na mmoja zaidi wa programu yenyewe. Katika maonyesho, Be walipenda kufungua video kadhaa kwa pamoja na kuyaburuta madirisha yake kwenye skrini bila picha kukwama, kwenye mashine ambayo leo simu ya bei rahisi inaipita mbali.

Walioitumia BeOS huizungumzia mpaka leo kwa ile sauti ambayo wazee huitumia kuzungumzia gari la moshi la zamani. Ilikuwa nyepesi kweli. Shida ilikuwa kwa walioandika programu zake, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Chukua kihariri cha maandishi chenye madirisha mawili: la waraka na la Tafuta. Katika BeOS dirisha linaposhughulikia ujumbe huwa limejifungia kufuli lake lenyewe, ili uzi mwingine usije ukalibadilisha katikati ya kazi. Mtumiaji anabofya "Badilisha Zote" katika dirisha la Tafuta. Uzi wa Tafuta, ukiwa na kufuli la Tafuta mkononi, unakwenda kuomba kufuli la waraka ili ubadilishe maneno. Wakati huohuo uzi wa waraka umemaliza kupakia faili, unashika kufuli la waraka, na unataka kuandika kwenye dirisha la Tafuta kwamba maneno sasa ni 4,210. Unaomba kufuli la Tafuta. Kila mmoja amekamata anachokihitaji mwenzake, na hakuna aliyefundishwa kuachia. Hapo si suala la sekunde arobaini tena. Watakaa hivyo mpaka umeme ukatike.

Mkwamo huu una tabia ya kuudhi: hauli nguvu. Uzi unaosubiri kufuli umelala, kwa hiyo zile taa za BeBox hazingepanda. Mashine ingeonekana imepumzika kwa amani. Na ili utokee, nyuzi mbili lazima zipishane ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwandishi anaijaribu programu yake mara mia, haoni kitu. Anaitoa kwa watu, na mmoja wao, mwenye mashine ya kasi tofauti kidogo, anakwama kila Ijumaa.

Dawa zilikuwepo. Mtu angeweza kuomba kufuli kwa muda maalumu, ukipita anaondoka mikono mitupu na kujaribu baadaye. Bora zaidi, asiombe kufuli la jirani kabisa: amtumie ujumbe, aendelee na yake, jirani atausoma kwa wakati wake. Hapo napo pana mwiba. Foleni ya dirisha katika BeOS, isipotajwa vingine, ilichukua ujumbe 100. Ikijaa, mtumaji hukaa kusubiri nafasi. Madirisha mawili yanayotumiana ujumbe kwa fujo yanaweza kujaziana foleni na kukwama palepale, safari hii bila kufuli hata moja.

Be haikuishi kuona suluhisho likikomaa. Desemba 1996 Apple, iliyokuwa ikitafuta mfumo mpya, iliichagua NeXT ya Steve Jobs badala yake, na mwaka 2001 mali za Be zilinunuliwa na Palm kwa dola milioni 11. Wapenzi wake walianza mwaka huohuo kuujenga mfumo upya kwa kujitolea. Leo unaitwa Haiku, na bado unatenga uzi kwa kila dirisha. Ukiomba orodha ya nyuzi zinazofanya kazi, utayaona madirisha yenyewe yamejipanga kwa majina, kila moja likitanguliwa na herufi w na alama ya >.

Kwingineko uamuzi ulikwenda upande wa pili. Java, lugha ya kuandikia programu, ilipotoka, vifaa vyake vya kwanza vya kutengeneza madirisha vilinuiwa kuguswa na uzi wowote. Vilivyofuata, Swing ya mwaka 1998, vilikata tamaa waziwazi: uzi mmoja tu ndio unaoruhusiwa kugusa kitu chochote kinachoonekana. Mwaka 2004 Graham Hamilton, mmoja wa wahandisi wakuu wa Sun, kampuni iliyoiunda Java, aliandika makala akieleza kwa nini ndoto ya madirisha yanayoguswa na nyuzi nyingi imeshindwa mara baada ya mara. Hoja yake ni ya mwelekeo. Matukio ya mtumiaji hupanda: kutoka kipanya kwenda mfumo, kutoka mfumo kwenda dirisha, kutoka dirisha kwenda kwenye programu. Amri za programu hushuka: kutoka programu kwenda dirisha, kisha mfumo, kisha skrini. Kila ngazi ina kufuli lake. Anayepanda hushika la chini kwanza. Anayeshuka hushika la juu kwanza. Wakikutana katikati ya ngazi, ni kisa kilekile cha Tafuta na waraka.

Hukumu hiyo imekubalika karibu kila mahali. Windows ina toleo lake la wastani: dirisha ni mali ya uzi uliolitengeneza, na programu inaweza kuwa na nyuzi kadhaa zenye madirisha. Explorer, ile inayoonyesha mafolda, hutumia mwanya huo. Folda iliyo kwenye seva isiyojibu inaweza kuganda huku ya jirani yake ikiendelea kufunguka kama kawaida. Lakini anayedhani amepata BeOS ya bure ajihadhari. Dirisha la uzi mmoja likifanywa mtoto wa dirisha la uzi mwingine, Windows huunganisha foleni za maingizo za nyuzi hizo mbili, na mmoja akilala wote wawili hawasikii kibodi. Vilevile, ujumbe unaotumwa kwa amri ya SendMessage kutoka uzi mmoja kwenda dirisha la uzi mwingine humfanya mtumaji asubiri jibu. Kwa PostMessage, anauacha kwenye foleni na kuondoka. Kuchanganya hizo mbili kumezaa usiku mwingi wa kahawa.

Sasa turudi steshenari. Kwa nini barua iligandishwa na jedwali, wakati ni hati mbili zisizojuana?

Programu nyingi za ofisi zinazotumika bure Afrika Mashariki zina ukoo mmoja. StarDivision ya Ujerumani iliuza StarOffice. Sun ikainunua kampuni mwaka 1999 na mwaka uliofuata ikauweka wazi msimbo wake, ikazaliwa OpenOffice. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, watu wakaona kwa mara ya kwanza menyu za ofisi nzima kwa lugha yao. LibreOffice, tawi lililochipuka mwaka 2010, ndiyo inayoendelea kwa nguvu zaidi leo. Ndani ya ukoo huu wote limo kufuli liitwalo SolarMutex. Ni moja kwa programu nzima. Anayetaka kugusa madirisha, au sehemu kubwa ya hati zenyewe, lazima alishike. Na hati zote unazofungua, ziwe barua, majedwali au slaidi, kwa kawaida huishi katika mchakato mmoja, yaani nakala moja ya programu inayoendeshwa. Uzi unaopanga mistari elfu themanini umelikamata. Barua haina pa kupita. Watengenezaji wanalijua tatizo kuliko sisi. Kulivunja kufuli lililoenea katika mamilioni ya mistari ya msimbo ni sawa na kubadilisha msingi wa nyumba yenye wapangaji.

Programu mpya ina uchaguzi mzuri zaidi, na desturi imeshatulia. Uzi wa mlangoni haufanyi kazi ndefu, hausomi diski, hausubiri mtandao. Unachukua agizo, unalikabidhi kwa uzi wa nyuma ya pazia pamoja na nakala ya data unayohitaji, unarudi kwenye foleni. Uzi wa nyuma ukimaliza haugusi dirisha. Unatuma ujumbe, na wa mlangoni ndio unaochora jibu. Nakala ndiyo siri ya mpango huo: wasiochangia kitu hawahitaji kufuli.

Hata hapo watu hujikwaa, na kosa maarufu zaidi ni la mtu mwema. Programu inapekua mafaili elfu hamsini kwa uzi wa nyuma, kama ilivyoagizwa, na kwa kila faili inatuma ujumbe ili mstari wa maendeleo usogee. Dirisha linaganda vilevile. Mwandishi anashangaa: kazi si iko nyuma? Kwenye Windows, uzi ukija kuchukua ujumbe hupewa kwanza ule uliotumwa na nyuzi nyingine, kisha mibofyo na herufi za mtumiaji, na uchoraji huja baada ya hayo. Ujumbe wa maendeleo ukimiminika kuliko unavyomalizwa, kipanya hakifikiwi na skrini haichorwi. Foleni yenyewe kwa kawaida ina kikomo cha ujumbe 10,000. Ukizidi, mwingine hutupwa, na huenda uliotupwa ni ule wa "nimemaliza". Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na jicho halihitaji hata robo ya habari hizo. Uzi wa nyuma uandike hesabu yake mahali pamoja, na wa mlangoni upite kuichungulia mara kumi kwa sekunde.

Kosa la pili ni la kuaga. Mtumiaji amechoka kusubiri, amelifunga dirisha. Uzi wa nyuma haujui. Unarudi na matokeo yake na kulikuta dirisha halipo, na programu nzima inaanguka, pamoja na madirisha mengine ambayo hayakuwa na kesi. Kumuua mfanyakazi huyo wa nyuma kwa nguvu ni hatari zaidi, kwa sababu anaweza kufa na kufuli mkononi. Njia ya kistaarabu ni kumwachia alama ya "acha" ambayo anaiangalia kila baada ya hatua chache, na kulificha dirisha badala ya kulivunja mpaka aitikie.

Fundi wa duka letu la steshenari hakuandika mstari hata mmoja wa msimbo. LibreOffice inakubali kuanzishwa kwa wasifu mwingine wa mtumiaji, yaani seti nyingine ya mipangilio, na ikianzishwa hivyo hufungua mchakato wa pili, wenye kumbukumbu yake na SolarMutex yake. Aliweka ikoni ya pili kwenye eneokazi na kuipa jina MAJEDWALI. Inakula kumbukumbu zaidi, kwa hiyo kivinjari kikiwa wazi mashine inahema kidogo. Mhasibu wa SACCOS akileta flashi yake sasa, dada anaanzia kwenye ikoni hiyo, anaagiza mpangilio kwa tarehe, dirisha linapauka, naye anaendelea kuchapa barua ya kijana wa kaunta.